Dada wa Kuazima

Insaf hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana magharibi, na duka la chini lilikuwa linakaanga dengu. Harufu ilipanda ngazi, ikapenya chini ya mlango, ikaja kukaa naye kwenye benchi. Maduka ya halua na dengu yako kila kona ya Tanta, mji wa Misri, sawa, lakini mtu gani mwenye akili zake anafungua kituo cha vipimo juu ya mojawapo, wakati nusu ya wagonjwa wake wameambiwa waje na njaa?

Alikuwa amekuja kupiga sona. Ndivyo watu wa pale wanavyokiita kipimo cha altrasaundi, na kila mmoja ukumbini alikuwa na sona yake. Mzee mmoja aliyepooza upande alikuja kuangaliwa mishipa ya shingo, amebebwa na wanawe wawili pamoja na kiti chake. Kinyozi mwenye jiwe la figo alikuwa akizunguka chumba huku anaguna, na kaka zake watatu wakizunguka nyuma yake. Palikuwa na kichanga cha kupimwa nyonga, kimesindikizwa na shangazi wanne. Msichana mmoja mwenye uvimbe wa tezi kooni alikuwa amekaa katikati ya mama yake na mama wa mchumba wake, kila mmoja kamshika mkono, utadhani anapelekwa kituo cha polisi.

Watu wote walikuwa na watu. Insaf alikuwa na mkoba.

"Jina?" aliuliza Dalal, mwanamke wa mapokezi, bila kuinua macho.

"Insaf Abdelgawad."

"Kipimo?"

"Tumbo. Ini hasa."

"Msindikizaji?"

Insaf alikaza mkono kwenye kamba ya mkoba. "Dada yangu. Yuko njiani."

Hakuwa na dada. Alikuwa na mtoto mmoja, Rifaat, aliyekuwa akipaka rangi nyumba za watu huko Milano na kupiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Mume wake, Abdelmaksud, alikuwa amekufa mwaka wa tano sasa. Tangu hapo Insaf hakuwa amekanyaga kituo hiki. Miaka saba nyuma alimeza vidonge vya virusi vya ini akapona, lakini ini lilikuwa limeshapata makovu, na daktari alimwambia aje kila miezi sita aangaliwe, maisha yake yote. Alikuja akiwa na mume. Mume alipokufa, kila miezi sita ilipofika alikuwa anaiona ile karatasi ya mapokezi, ule mstari wa msindikizaji, anaahirisha. Safari hii upande wa kulia ulikuwa umemuuma wiki tatu mfululizo, akashindwa kuahirisha.

Kando yake alikaa mwanamke mnene wa abaya nyeusi, vidole vimeingia rangi ya manjano hadi kwenye kucha, ananukia siki. Alikuwa akimsimamia mkwewe mwenye mimba changa, ambaye alikuwa na chupa ya tatu ya maji mkononi.

"Kunywa, Rabab."

"Mama, nitapasuka."

"Utapasuka baada ya kipimo. Kunywa."

Dalal aliita kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza dengu. "Insaf Abdelgawad! Dada yako yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Njia ipi hiyo, mama? Daktari hasubiri njia."

Kinyozi aliacha kuguna akamtazama. Shangazi wote wanne wakamtazama. Insaf alihisi masikio yanapata moto. Akamgeukia mwanamke wa siki, akasema upesi kabla aibu haijamfunga mdomo, "Samahani, dada. Ingia na mimi dakika tano tu. Useme wewe ni dada yangu."

Yule mwanamke alimkagua kuanzia viatu hadi ushungi. "Huna watu?"

"Ninao. Wako mbali."

"Mbali wapi?"

"Milano."

"Hao hawako mbali, hao wako kwenye simu." Akainuka, magoti yakalia. "Rabab, ole wako uende chooni. Mimi naenda kuwa dada wa mtu." Kisha, wakiwa mlangoni, akamwinamia Insaf sikioni. "Mimi Wagida. Wewe nani, dada yangu?"

Ndani kulikuwa na giza la makusudi na baridi ya feni. Dakta Shukri alikuwa kijana mchangamfu, mwenye masharubu ya kujaribia. Alimpaka Insaf jeli tumboni, na Insaf akashtuka kwa ubaridi wake.

"Mnafanana macho," daktari alisema.

"Wote wanasema," Wagida alijibu. "Ila mzuri ni mimi."

Daktari akacheka. Alikuwa mtu wa kuongea huku anapita. Kifaa kilitembea juu ya ngozi, na yeye akitaja alichokiona kama mtu anayeita majina darasani. "Nyongo hii, safi, haina mawe. Kongosho, sawa. Figo ya kulia, nzuri. Geuka upande, mama. Figo ya kushoto, nzuri. Wengu umekua kidogo, huo ni wa zamani, tunaujua. Haya, rudi chali. Vuta pumzi. Shikilia. Pumua."

Kifaa kikaja chini ya mbavu za kulia.

"Vuta pumzi. Shikilia."

Hakutaja kitu.

"Pumua. Tena, mama. Vuta. Shikilia."

Kifaa kilipita palepale mara ya pili, mara ya tatu. Kilibonyeza kidogo, kikainama, kikasimama. Insaf alisikia kitufe kikibonyezwa, tik, halafu tena, tik, kama mshonaji anayeweka alama mbili za chaki kwenye kitambaa kabla ya kukata. Kioo cha mashine kilikuwa kimemgeukia daktari. Insaf aliuona mwanga wake tu, kwenye masharubu ya yule kijana, na masharubu hayakuwa yanacheka tena.

"Kheri, mama, kheri," alisema, akimpa karatasi ya kujifuta. "Vaa nguo, ukapumzike nje. Dada abaki kidogo anisaidie kuandika."

Kusaidia kuandika nini? Insaf alifunga vifungo vyake kimoja kimoja, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Kwa saa ya ukutani zilipita dakika nne. Wagida alitoka na bahasha ya kahawia iliyogundishwa, ameibana kwapani chini ya abaya kama mkate wa wizi, na uso ameuvisha tabasamu kubwa lisilomkaa.

"Anasemaje?"

"Kheri! Kheri tupu, dada. Mafuta kidogo kwenye ini, basi. Nani siku hizi hana mafuta?"

Insaf alisimama palepale.

Mafuta kidogo kwenye ini. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Miaka mitano nyuma, kwenye ukumbi huuhuu, mbele ya mlango huohuo, alitoka na bahasha ya Abdelmaksud kwapani na kumwambia hivyohivyo, hata ile kheri ya mwanzo, hata ule utani wa mwisho. Daktari wa wakati ule alimweleza kila kitu, akamwomba amfiche mgonjwa asije akavunjika moyo. Insaf akakubali, kwa sababu ndivyo kila mke mwema anavyofanya. Miezi minane alimpa mume wake dawa za maumivu na kuziita vitamini. Alilia bafuni bomba likiwa wazi. Hakuwa na wa kumwambia, na aliyekuwa akimwambia kila kitu ndiye aliyekuwa anamficha.

Na siku zote alijifariji kwa jambo moja, kwamba walau Abdelmaksud alikufa hajui.

Sasa alikuwa amesimama mahali alipokuwa amesimama mumewe, na ilimchukua pumzi moja tu kujua. Kwa hiyo na yeye alijua. Alijua tangu hapa mlangoni. Miezi minane walilala kitanda kimoja, kila mtu amebeba jambo lilelile peke yake, kila mtu anamchekea mwenzake machoni.

"Alhamdulillah," Insaf alisema, maana ndivyo Abdelmaksud alivyosema siku ile. "Basi mimi niende nyumbani."

"Nenda, dada yangu, nenda ukale," Wagida alisema, na sauti yake ikapasuka kidogo. Kisha Dalal akaita jina la Rabab, na Wagida akaingia tena ndani, na bahasha ikaingia naye.

Insaf alishuka ngazi, akanunua robo kilo ya dengu, akazila zote akiwa amesimama barabarani. Hakuhisi ladha ya chochote.

Ijumaa Rifaat alipiga simu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wanaoongea Kitaliano.

"Mama, sona imesemaje?"

"Mafuta kidogo kwenye ini," Insaf alisema. Yalitoka yenyewe.

"Si nilikwambia? Punguza siagi. Nakupigia Ijumaa, mama."

Alibaki ameshika simu iliyozimika. Akajiona alivyo mjinga. Mtu anajua jinsi jambo hili linavyomalizika, ameshalizika mara moja pamoja na mumewe, halafu anaanza tena upya na mwanawe?

Jumamosi asubuhi alikuwa mbele ya meza ya Dalal.

"Nataka majibu yangu."

"Bahasha tulimpa dada yako, mama."

"Nipe nakala."

"Nakala anayo Dakta Shukri, na Dakta Shukri anakuja Jumatano. Na akija ataongea na dada yako. Mwulize dada yako! Hamkai pamoja?"

"Yule si dada yangu."

Dalal akacheka. "Mmeshagombana?"

"Nilimwazima hapo kwenye benchi," Insaf alisema, "kwa sababu uliniita kwa sauti kubwa mbele ya watu."

Kalamu ya Dalal ilisimama. Alimtazama Insaf kwa mara ya kwanza tangu wajuane, na rangi ikampanda polepole kuanzia shingoni. Hakusema samahani; hakuwa mtu wa hivyo. Alivuta lundo la karatasi za wiki, akapekua mpaka akaipata ya Rabab, akaangalia kushoto na kulia, akachana pembe ya gazeti na kuandika anwani.

"Mimi sijakupa kitu," alisema.

"Hujanipa," Insaf alikubali, na karatasi ikaingia mkobani.

Duka lilikuwa nyuma ya stesheni ya treni, mlango mmoja tu, limejaa mapipa ya achari: ndimu, karoti, bilinganya zilizojazwa vitunguu saumu, na turnipu, mizizi ile ya mviringo, zilizogeuka rangi ya waridi. Wagida alikuwa akikoroga pipa kwa mwiko mrefu. Alipomwona Insaf mwiko ukamtoka mkononi ukazama.

"Umenipataje?"

"Kwa siki. Bahasha yangu iko wapi?"

"Bahasha gani, dada? Nilishakwambia, mafuta kid..."

"Wagida. Hayo nimeshawahi kuyasema mimi. Tena nilikuwa nayasema vizuri kuliko wewe."

Wagida akajiketisha juu ya ndoo iliyofunikwa, akajifuta mikono kwenye aproni, akajifuta tena ingawa ilikuwa mikavu. "Usiniulize. Kila siku namwambia Rabab, yule mwanamke sijui hata anakaa wapi, nimrudishie nani hii karatasi. Na nikimwona nitamwambia nini? Mama yangu mzazi walimwambia. Kaka yangu, mjinga, alimwambia. Akageukia ukuta, siku ya tisa tukamzika. Mimi nikuue wewe? Hata sikujui!"

"Hunijui, kwa hiyo niambie. Aliyenijua alinificha, na mimi nikamficha." Na pale kati ya mapipa Insaf akamsimulia habari za Abdelmaksud, vitamini na bomba la bafuni, habari ambazo hakuwa amemsimulia mtu yeyote. Hakulia. Wagida ndiye aliyelia, kwa sauti, hata mteja mmoja aliyefika na bakuli akageuza njia.

"Sema sasa," Insaf alisema. "Neno kwa neno, kama alivyokuambia."

Wagida alivuta kamasi. "Kasema kuna kitu kwenye ini. Kimoja tu. Sentimita mbili na nusu. Kasema kwa alivyokiona ni ule ugonjwa usiotajwa jina, lakini hospitali ya ini ndio watahakikisha kwa kipimo kingine. Kasema umekuja mapema kwa bahati, maana kikiwa bado kidogo hawapasui. Wanaingiza sindano huku wanaangalia kwenye mashine kama ileile, wanakichoma hukohuko kilipo. Lakini kisizidi tatu. Kasema, 'Dada, usikawie, mpeleke wiki hii, mwambie anakwenda kupigwa sindano ya vitamini.'" Aliinama. "Na mimi nimekawia. Kila nikifungua duka naiona. Siku tatu, dada. Kinakua kwa siku tatu?"

"Hakikui kwa siku tatu," Insaf alisema, ingawa hakuwa na hakika. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kigumu cha kukanyagia. Sentimita mbili na nusu. Kilikuwa na ukubwa. Kilikuwa na mwisho.

Wagida alitoa bahasha chini ya kopo la bizari, imepata doa la manjano pembeni. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akamchotea Insaf kibakuli cha turnipu. Insaf akala kipande kimoja.

"Chumvi imezidi."

"Ni machozi," Wagida alisema, na wote wawili wakacheka vibaya, kama watu wanaokohoa.

Walikubaliana kwenda pamoja hospitali ya ini Jumatatu. Jumatatu saa moja asubuhi simu ikalia. "Dada, Rabab ameanza kutoka damu. Nampeleka, sijui nifanye nini, nimekuahidi..."

"Mpeleke. Mwambie alale ubavu wa kushoto kwenye gari. Usinipigie mpaka umejua mtoto yuko hai."

Akaenda peke yake. Benchi la hospitali lilikuwa refu kuliko la kituo, na watu wake wengi zaidi. Watu walikuja na birika za chai na mikate, familia nzima kwa ini moja. Hakuna aliyemwuliza yuko na nani, kwa sababu palikuwa na mtu kila upande wake na kila mmoja alidhani ni wa mwenzake. Alipopewa karatasi aijaze, alifika kwenye mstari wa msindikizaji, akakaa nao muda. Kisha akaandika Insaf Abdelgawad. Juu yake, kwenye mstari wa mgonjwa, palikuwa pameshaandikwa hivyohivyo.

Dakta Sausan alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kustarehe. Alisoma barua ya bahashani, akatazama mlango, akasubiri, kama mtu anayetegemea mwingine ataingia.

"Nani yuko nje, mama? Mwite."

"Hakuna mtu nje. Niambie mimi."

"Mwanao labda, kwa simu..."

"Daktari, mimi ndiye niliyekuja na mimi, na mimi ndiye nitakayerudi na mimi. Kina sentimita mbili na nusu, na nimeambiwa kisizidi tatu. Nimefika. Sasa nionyeshe."

Daktari alimwonyesha kitanda. Kisha akampaka jeli, akashika shingo ya mashine, akaigeuza. Magurudumu yalilia sakafuni. Kwa miaka yote aliyolala chini ya kifaa hicho, ilikuwa mara ya kwanza Insaf kukiona kioo.

Hapakuwa na cha kutisha. Ilikuwa kijivu tupu, kama mashamba ya pamba yakionekana kwenye dirisha la treni asubuhi ya ukungu, na mishipa imepita ndani yake kama mifereji. "Hili ndilo ini lako," daktari alisema. "Unaona lilivyo na mabonde? Hayo makovu ya zamani. Na hiki hapa." Kidole chake kikagusa kiduara cheusi, kidogo, mfano wa zeituni. "Vuta pumzi. Shikilia. Kinashuka pamoja na ini, unaona? Pumua."

Insaf alikitazama kikipanda na kushuka kwa pumzi yake mwenyewe. "Abdelmaksud wangu alikuwa nacho kikubwa," alisema, na daktari hakuuliza Abdelmaksud ni nani.

"Leo tutakupiga picha nyingine ya kuhakikisha. Ikikubali, Jumapili ijayo tunakichoma. Utalala kidogo kwa dawa. Lakini sikuruhusu kurudi nyumbani peke yako siku hiyo, mama. Hapo lazima uwe na mtu."

"Ninaye mmoja wa kuazima," Insaf alisema. "Akiwa hana msiba."

Hakuwa na msiba. Saa sita mchana ujumbe uliingia kutoka kwa Wagida, wa sauti, wenye kelele za korido: wamempiga Rabab sona, wamemsikilizisha moyo wa mtoto, unapiga mbio kama mwizi. Insaf aliusikiliza mara mbili, akiwa amekaa kwenye ngazi za hospitali kwenye jua. Watu walipita wakimruka, wawili wawili, watatu watatu.

Kisha akatafuta namba ya Rifaat. Haikuwa Ijumaa. Iliita sana.

"Mama? Kuna nini? Kheri?"

Neno lilikuwa limeshafika ulimini, tayari, laini kwa kuzoeleka. Akalimeza.

"Si mafuta, Rifaat. Nilikudanganya."

Kule Milano brashi iliyokuwa ikikwaruza ukuta ikasimama. Insaf alisikia tu kifua cha mwanawe, kimejaa na hakishuki.

"Vuta pumzi, mwanangu," alimwambia. "Haya. Sasa pumua, nikueleze yote."